Pensheni kwa Mafundi wa Umeme: Somo kwa Mwenye Biashara Ndogo

Katika mfululizo wetu wa masomo ya biashara, safari hii tunaangazia wanakandarasi wadogo wa umeme: wale wenye karakana au kiduka Kibokoni, Bondeni, Makadara na Majengo, wenye mafundi watatu, wanne au watano, wanaotia nyaya katika nyumba mpya za ghorofa na kuzibadilisha katika nyumba kongwe za Mji wa Kale. Ukimaliza kusoma utaweza kumtambua mfanyakazi anayestahili kuchangiwa pensheni, kukokotoa mchango wake, kuuweka mchango huo katika bei ya kazi, na kuuwasilisha kwa wakati.

Serikali ya Kaunti haikusanyi michango ya pensheni ya wafanyakazi wa biashara za watu binafsi. Hiyo ni kazi ya Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF). Tumeamua kulitolea somo kwa sababu kazi ya umeme ni ya kupanda ngazi, kutindua kuta nene za mawe ya matumbawe na kutambaa darini penye joto. Mwili wa fundi huchoka mapema, na siku atakaposhindwa kupanda ngazi, atategemea alichowekewa.

Sheria ilikotoka

NSSF iliundwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi, mwajiri naye akaongeza 200. Fedha hizo hazikutosha kumwendesha mzee hata kwa muda mfupi. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria mpya, Sheria Nambari 45, lakini kesi mahakamani ziliichelewesha. Ilianza kutekelezwa Februari 2023, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa, na viwango vyake hupanda kwa awamu.

Kanuni yake ni nyepesi: mfanyakazi huchangia asilimia 6 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 6 kutoka mfukoni mwake. Ile ya mwajiri hairuhusiwi kukatwa kwenye mshahara wa fundi. Sheria inamhusu kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja.

Je, kibarua ni kibarua kweli?

Hapa ndipo wengi hukwama. Utamsikia mwenye biashara akisema, "Mimi sina wafanyakazi, nina vibarua tu." Ukiangalia daftari lake, kijana yuleyule amekuwa akilipwa kila Jumamosi kwa miaka miwili.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaja kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake inafikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kumalizika kabla ya miezi mitatu, ajira yake huhesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi. Huhitaji kumwandikia barua ndipo awe mfanyakazi wako. Siku alizofanya zimekwisha kuandika.

Kwa hivyo, kabla ya kufika ofisi yoyote, chukua daftari lako la malipo. Andika jina la kila mtu uliyemlipa katika miezi sita iliyopita na siku alizofanya. Aliyekuja siku mbili kuchimba mtaro wa waya ni kibarua. Aliyekufuata kutoka kazi moja hadi nyingine ni mfanyakazi, na anastahili mkataba wa maandishi, karatasi ya mshahara na mchango wa pensheni.

Kukwepa kunagharimu kiasi gani?

Kifungu cha 35 cha Sheria hiyohiyo kinampa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, ajira yake inapokomeshwa kwa notisi, haki ya malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya. Mahakama za kazi kwa kawaida hukadiria malipo hayo kwa mshahara wa siku 15 kwa mwaka. Sheria inamwondolea haki hiyo mfanyakazi ambaye ni mwanachama wa NSSF au wa mpango mwingine wa pensheni uliosajiliwa.

Tuchukue fundi wa shilingi 32,000 kwa mwezi ambaye hakuwahi kusajiliwa. Amefanya kazi miaka 10, kisha mkaachana. Nusu mshahara kwa kila mwaka ni takriban shilingi 160,000, na huenda ukadaiwa zote kwa mkupuo, wakati ambapo kazi pengine zimepungua. Mwajiri aliyeikwepa NSSF bado ana deni. Amelihamisha tu kutoka mwisho wa mwezi hadi siku ya kuagana.

Kosa kubwa zaidi ni kumkata fundi fedha na kutoziwasilisha. Hapo umechukua mali ya mtu, na sheria inalihesabu kuwa kosa la jinai.

Kukokotoa mchango

Mchango umegawanywa katika madaraja mawili. Kwa viwango vilivyoanza Februari 2025, Daraja la Kwanza lilikuwa asilimia 6 ya shilingi 8,000 za mwanzo za mshahara, yaani shilingi 480. Daraja la Pili lilikuwa asilimia 6 ya kiasi kilichozidi 8,000, hadi kufikia 72,000. Kwa viwango hivyo mtu hakuchangia zaidi ya shilingi 4,320 kwa mwezi, na mwajiri wake vivyo hivyo.

Hebu tuifanye hesabu ya karakana ya mfano yenye watu wanne kwa viwango hivyo vya 2025:

- Msaidizi, mshahara 20,000: mchango 1,200 (480 na 720)
- Fundi wa kwanza, mshahara 32,000: mchango 1,920 (480 na 1,440)
- Fundi wa pili, mshahara 38,000: mchango 2,280 (480 na 1,800)
- Msimamizi, mshahara 50,000: mchango 3,000 (480 na 2,520)

Jumla ya mishahara ni 140,000. Wafanyakazi watakatwa 8,400, na mwenye biashara ataongeza 8,400. Kila mwezi NSSF itapokea shilingi 16,800 kutoka karakana hii.

Fundi akilalamika kwamba mkono wake umepungua, mwonyeshe mambo mawili. La kwanza, mchango huondolewa kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa. Fundi wa 32,000 anakatwa 1,920, lakini kodi yake inapungua kwa 480, kwa hivyo mkononi mwake kumepungua 1,440. La pili, kwa hiyo 1,440 anawekewa 3,840 kila mwezi. Kwa mwaka ni 46,080. Kwa miaka 20, bila kuhesabu faida yoyote ya uwekezaji, ni shilingi 921,600. Kwa kiwango cha zamani cha 400 kwa mwezi, miaka hiyo 20 ingempa 96,000.

Mahali pa kuitoa 8,400

Hili ndilo swali la mwenye biashara, na jibu lake liko katika makadirio ya bei. Wanakandarasi wengi hutoza kwa pointi: kila taa, swichi na soketi ina bei yake. Bei hiyo mara nyingi ilipangwa zamani kwa kuangalia vifaa na ujira wa siku, pensheni ikasahaulika.

Tenga gharama ya ujira katika kila kazi. Ikiwa ujira wa kutia nyaya nyumba fulani Ndia Kuu ni shilingi 60,000, asilimia 6 ya pensheni ni 3,600. Ongeza asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba ambayo pia ni juu ya mwajiri, shilingi 900. Jumla ni 4,500. Kiasi hicho ni sehemu ya gharama ya kazi sawa na waya na paipu, na kinafaa kuingia katika bei kabla hujaitaja kwa mwenye nyumba. Ukishakubali bei bila kukihesabu, utakitoa kwenye faida yako au hutakitoa kabisa.

Wale wanaolenga zabuni za umma wana sababu nyingine. Cheti cha Mamlaka ya Ushuru cha kutimiza wajibu wa kodi huhitajika, na nyaraka nyingi za zabuni hudai pia uthibitisho kutoka NSSF. Mwenye kumbukumbu safi hahangaiki siku ya mwisho ya kuwasilisha.

Hatua za kufuata

1. Jisajili NSSF kama mwajiri. Tayarisha cheti cha usajili wa biashara, PIN ya ushuru na kitambulisho. Unaweza kujisajili kwenye tovuti yao au ufike Social Security House, barabara ya Nkrumah.
2. Kusanya nambari ya uanachama ya kila mfanyakazi. Asiye nayo asajiliwe kwa kitambulisho chake. Mwenye nambari ya zamani asichukue nyingine, maana akiba yake itatawanyika.
3. Hakikisha kila mmoja ametaja warithi wake. Fundi akifariki au akapata ulemavu wa kudumu, NSSF ina mafao kwa ajili hiyo, na familia isiyoandikwa huhangaika sana.
4. Kila mwezi tayarisha orodha ya mishahara, iwasilishe kwenye mfumo wa NSSF, upate nambari ya malipo, kisha ulipe kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa utatozwa adhabu.
5. Mpe kila mfanyakazi karatasi ya mshahara inayoonyesha makato yake na mchango wako. Mhimize aangalie taarifa ya akaunti yake mwenyewe.

Daraja la Pili si lazima liende NSSF. Mwajiri anaweza kuliweka katika mpango mwingine ulioidhinishwa na Mamlaka ya Mafao ya Uzeeni (RBA). Kwa karakana ndogo, kuanzisha mpango wake yenyewe ni mzigo, lakini iko mipango ya mwavuli inayowaunganisha waajiri wengi chini ya wadhamini wamoja. Linganisha ada na faida, na ushauriane na mafundi wako kabla ya kuhama. Daraja la Kwanza hubaki NSSF.

Na wewe mwenye biashara?

Usijisahau. Kama biashara ni kampuni na unajilipa mshahara, hesabu yako ni ileile ya mafundi. Kama ni biashara ya mtu binafsi, unaweza kuchangia kwa hiari. NSSF ina mpango wa Haba Haba kwa waliojiajiri, unaoanzia shilingi 25 kwa siku. Akiba haiozi, na umri wa kustaafu chini ya NSSF ni miaka 60 kwa fundi na kwa tajiri wake, ingawa mtu anaweza kuomba mafao yake mapema akifika 50 na kuacha kazi.

Jipime

1. Msaidizi wako analipwa 24,000. NSSF itapokea kiasi gani kwa jumla kila mwezi?
2. Kijana amekufanyia kazi wiki sita mfululizo, unamlipa kila jioni. Je, ni kibarua?
3. Ujira wa kazi ni 90,000. Uongeze kiasi gani kwa ajili ya pensheni katika makadirio?

Majibu: (1) Shilingi 2,880, yaani 1,440 kutoka kwa kila upande. (2) La, amepita mwezi mmoja, naye ni mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. (3) Shilingi 5,400.

Viwango vya sheria hii hupanda awamu kwa awamu ifikapo Februari. Kabla ya kulipa mshahara wa mwezi huo, uliza NSSF viwango vipya, urekebishe daftari lako na bei ya pointi zako.