Unyevu Katika Banda la Gari

SWALI: Bwana Tabibu, mimi ni mfanyabiashara kutoka Mombasa, nimepanga nyumba karibu na bandari ya Juba. Uani mna banda la gari la zamani, la matofali na bati, nami nimelifanya ghala ya mahindi na karanga. Mpwa wangu hulala humo kwa ulinzi. Tangu mvua zianze kuta zatoka jasho, kuvu nyeusi imetambaa pembeni, na kijana akohoa usiku kucha. Huwasha jiko la makaa nikafunga mlango ili pakauke, wala hapakauki. Nifanyeje?

JAWABU: Ndugu yangu, kabla ya kunena habari za kuta, nakusihi jambo lisilongoja kesho: jiko hilo lisiwashwe tena chumbani alalamo mtu, kwa kuwa makaa yaunguayo pasipo hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika mahali pa oksijeni katika damu na yamkini kumwua aliyelala pasipo kumwamsha; na jenereta ni vivyo hivyo. Wala huna faida uipatayo, maana joto huvukiza maji yaliyomo ukutani, na mlango ukiwa umefungwa mvuke hauna pa kutokea, hata usiku upoapo hurudi chini ya bati ukawa matone.

Mpwa wako naye ahamie nyumba kubwa leo hii. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likaeleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na kikohozi, kubanwa kifua na pumu, na kwamba njia ya kujikinga ni kuuzuia unyevu wenyewe. Walakini kikohozi kikipita wiki mbili, au kikija na homa za jioni, kukonda au damu, usikisingizie kuvu; aende hospitali apimwe kifua kikuu.

Sasa tuyatafute maji yatokako. Bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote, ukiache siku mbili. Matone yakiwa chini yake, maji yapanda kutoka ardhini; yakiwa juu yake, ni mvuke wa hewa uliopoa. Mabanda ya namna hiyo yalijengwa kwa ajili ya magari, si ya watu, na aghalabu sakafu yake ilimwagwa juu ya udongo mtupu. Basi katika mvua za Juba, zianzazo yapata Aprili zikaendelea hadi Oktoba, ardhi iliyoshiba huyasukuma maji ndani pasipo tundu lolote kuonekana. Weka mifereji ya bati itakayoyatupa maji mbali, inamisha ardhi itoke ukutani, chimba mtaro, na utoboe matundu ya hewa chini na juu katika kuta zinazokabiliana. Ukuta usiupake rangi ya mafuta wala usiufunike kwa saruji: wewe mtu wa pwani wajua jinsi kuta za mawe na chokaa zinavyoharibika zikipigwa lipu ya saruji, kwani saruji huyafungia maji ndani, ilhali chokaa huyaachia yatoke. Kazi ya lipu ingoje kiangazi. Kuvu iliyopo ifutwe kwa kitambaa na maji ya sabuni, pua na mdomo vimefunikwa. Usiipanguse kavu, maana vumbi lake ndilo limdhurulo mwenye kifua.

Yanihuzunisha zaidi habari ya mahindi na karanga, uliyoitaja kwa kupita tu. Mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa sumukuvu baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yangali na unyevu; sumu hiyo huharibu ini, nayo haitoki kwa kupikwa wala kwa kusagwa. Karanga huishika upesi vilevile. Nafaka isiingie ghalani kabla haijakauka barabara, magunia yakae juu ya vichaga vya mbao, mbali na ukuta, hewa ipite pande zote. Na yale yaliyokwisha kuota kuvu, ndugu yangu, ingawa ni mali yako, nakuomba usiyauze kwa bei ya chini wala usiwape kuku: yafukie.