Filamu ya Njano Nayo Huwa Nyeusi

Mteja amekutumia nembo ya timu ya mtaa kwa WhatsApp: simba wa njano, majani ya kijani, maandishi na mistari myeusi. Anataka fulana 50 nyeupe, kesho kutwa. Usikimbilie wino. Hesabu rangi kwanza, maana kila rangi inadai skrini yake, filamu yake na muda wake mezani. Weupe wa macho na meno ya simba usiuchape, uache wazi, kitambaa kitaifanya kazi hiyo bure. Zimebaki tatu.

Picha yenyewe usiitenganishe jinsi ilivyokuja. Kingo zake zimefifia, na njano unayoiona wewe kuwa moja, kwa kompyuta ni njano mia. Ichore upya kwa CorelDRAW au Inkscape, kila rangi kwenye tabaka lake.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Ukiikata njano ikomee pale pale mstari mweusi unapoanzia, kwenye kompyuta itapendeza. Mezani, hata fundi mzoefu hukosea nusu milimita: fulana imevutika, bawaba za skrini zimelegea kidogo, basi uzi mweupe unachungulia kati ya rangi mbili. Kwa hiyo rangi nyepesi iingie chini ya rangi nzito. Kazi ya mkono mimi huipanua njano nusu milimita, nyeusi ije kuifunika. Nyeusi usiipanue kamwe, maandishi yatanenepa na matundu ya herufi a na e yatazibika. Njano inapopakana na kijani bila mstari katikati, ni njano tena inayoingia chini. Utaona ukingo mwembamba uliobadilika rangi, lakini heri huo kuliko pengo. Kuchapa nako kufuate mpangilio huo: njano, kijani, nyeusi mwisho.

Mteja akibadili mawazo akataka fulana nyeusi (na atabadili), utahitaji skrini ya nyeupe ya kutandika chini ya rangi. Hiyo huipanui, unaipunguza nusu milimita ili isichomoze pembeni. Nyeusi sasa unaiachia kitambaa.

Vivuli hugeuzwa vitone. Mistari 45 ya vitone kwa inchi inatosha kwa fulana, kwa wavu wenye nyuzi kama 200 kwa inchi. Ila nembo ya timu haihitaji vivuli, mshawishi mteja.

Filamu zote zitoke nyeusi tii, hata ile ya njano. Niliwahi kusahau kuibadilisha njano iwe nyeusi, printa ikaniletea njano kwa kijivu hafifu. Mwanga ukapenya, dawa ya skrini inayogandishwa na mwanga ikakauka skrini nzima, na nilipoosha hapakufunguka kitu. Weka alama za msalaba pande nne, mahali pale pale kwenye kila filamu, na uandike jina la rangi pembeni. Printa nayo uiambie ichape asilimia 100. Ikiipunguza filamu moja tu ili itoshee karatasi, hazitalingana tena.

Kabla ya kuchoma skrini, zipange filamu zote tatu kwenye kioo cha dirisha, misalaba juu ya misalaba. Fuata mpaka wa kila rangi kwa jicho. Popote mwanga unapopita kama uzi kati ya rangi mbili zinazopaswa kugusana, rudi kwenye kompyuta.