Usipande bodaboda na laptop inayowaka

Wapambanaji wenzangu, somo la leo limenigharimu.

Mimi nipo Segese, nauza viatu na vitenge mtandaoni. Siku hiyo naenda Kakola kukusanya madeni, laptop nimeifunika tu, ndani inawaka. Bodaboda, mashimo, vumbi. Nafika, diski inagonga tak-tak, haifunguki tena. Picha za mali na orodha ya wadaiwa, kwisha. Mpaka leo kuna wanaodaiwa siwakumbuki.

Fundi akanielewesha: ndani ya diski ya kawaida kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinaelea juu yake. Ikitikisika vibaya, kichwa kinaikwangua.

Zipo laptop zenye kinga. IBM waliiweka kwenye ThinkPad mwaka 2003: kihisio kinashtukia mtikisiko, programu inaamuru kichwa kikae pembeni. Ila ukipiga Windows upya bila kuirudisha programu hiyo, kinga hakuna.

Kwa hiyo:
1. Zima kabisa, subiri ikae kimya, ndipo uipakie.
2. Nakili orodha ya madeni kwenye flashi kila wiki. Flashi ibaki nyumbani.
3. Ukipata hela weka SSD, haina kinachozunguka.

Je, wewe ulinakili lini mara ya mwisho?