Kwa nini marefa weusi ni wachache Ligi Kuu ya England?

SWALI: Kila wikendi natazama Ligi Kuu ya England. Wachezaji weusi wamejaa uwanjani, lakini mwenye filimbi karibu kila mara ni mzungu. Je, tatizo ni uwezo?

JIBU: Hapana, si uwezo. Uriah Rennie, mzaliwa wa Jamaika aliyekulia Sheffield, alichezesha ligi hiyo kuanzia 1997 hadi 2008. Alipoondoka, ilipita miaka 15 bila refa wa kati mweusi, hadi Sam Allison alipochezesha Sheffield United na Luton tarehe 26 Desemba 2023.

Kikwazo kiko kwenye ngazi za kupanda. Refa huanzia mechi za mtaani, mtathmini akiwa pembeni na kalamu yake, na alama hizo ndizo humpandisha daraja. Watathmini wakiwa karibu wote wa rangi moja, upendeleo hupenya hata bila kukusudiwa. Tena kijana anayetukanwa kwa rangi yake na wazazi wa wachezaji, kisha ripoti yake ikakaliwa, huacha filimbi mapema.

Dawa ni kuchanganya watathmini, kumweleza refa sababu ya kila alama, na kuwaadhibu wanaomtusi. Vipaji vipo, vipewe nafasi.