Titi Likijaa, Usikimbilie Kopo

Maziwa yaliponiingia, nilikuwa nimeshatoka wodi ya wazazi, niko chumbani kwangu Manzese. Matiti yalivimba, yakawaka moto, ngozi ikakaza mpaka inang'aa. Mtoto anapanua kinywa, anagusa chuchu, inamteleza, anaangua kilio. Nyumba nzima ya wapangaji ikaamka, na kila mmoja akaja na hukumu yake. "Huyu hana maziwa." "Mtoto kalikataa titi, mpeni maji ya sukari."

Kulipokucha wifi yangu akakimbilia duka la dawa. Muuzaji hakuuliza hata mtoto ana umri gani. Akamfungashia kopo la maziwa ya unga, chupa na pampu ya kukamulia, kwa mkopo. Kopo peke yake lilizidi mauzo yangu ya vitumbua ya siku nzima. Nikaamuru virudishwe vyote, na dukani kwake sijakanyaga tena. Uswahilini kwetu maji tunanunua kwa dumu na mkaa tunapimiwa. Hiyo chupa itachemshwa na nani usiku wa manane? Kopo likikaribia kuisha, mama huzidisha maji ili lifike mwisho wa wiki. Mtoto anashiba maji, kisha anaharisha.

Sasa tuje kwenye kunyonyesha kwenyewe. Kunyonyesha ndani ya saa moja baada ya kujifungua, kutompa kitu kingine hadi miezi 6: haya mmeyasikia kliniki, siyarudii. Nitasema la dang'a tu. Yale maziwa ya mwanzo, mazito ya njano, si uchafu, asikudanganye mtu uyakamue na kuyamwaga. Siku ya kwanza, takriban kijiko kimoja cha chai kinamtosha mtoto kila anaponyonya.

Aliyeniokoa ni bibi wa nyumba ya pili, mkunga mstaafu. Aliingia, akanawa mikono, akalishika titi. "Mwanangu, mtoto hajakataa. Hana pa kushika." Akanieleza kwamba titi likijaa hivi, si maziwa peke yake, kuna damu na majimaji ya mwili, na uvimbe ukifika kwenye duara jeusi, chuchu inalala bapa. Pampu ikivuta kwa nguvu, inazidi kuuleta uvimbe mbele, wakati unatakiwa urudi nyuma.

Fanya hivi. Kata kucha, nawa mikono, lala chali. Zungusha ncha za vidole vya mikono yote miwili kwenye shina la chuchu, karibu kabisa. Bonyeza kuelekea kifuani, taratibu lakini bila kulegeza, huku ukihesabu polepole hadi 60. Ikiuma, punguza nguvu. Achia, kisha hamisha vidole: vilivyokuwa juu na chini vikae kulia na kushoto. Bonyeza tena. Titi likiwa gumu sana, rudia mpaka duara lilegee na kuwa laini kama ndewe ya sikio. Hapo hapo, kabla uvimbe haujarudi, mpakate mtoto, kidevu chake kiguse titi, ungoje apanue kinywa, ndipo umsogeze ashike na weusi wenyewe, si chuchu tupu.

Mwanangu alishika. Nilimsikia akimeza, nikamwita yule aliyesema sina maziwa aje asikie mwenyewe. Wifi yangu aliinuka kimya, akaenda kunipikia uji wa pilipili manga.

Kuhusu kukamua ukirudi kazini: kamulia kwenye kikombe kilichochemshwa, funika, na kwa joto la Dar mtoto anyweshwe ndani ya saa 4, kwa kikombe hicho hicho. Mlioajiriwa, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inawapa likizo ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku ya kazi. Zidaini. Sisi wa vitumbua hatuna wa kumdai.

Na ukiona sehemu ya titi imekuwa nyekundu, una homa na unatetemeka, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na usiache kunyonyesha.