Mvua Ikishanyesha: Kuchagua Sadaka ya Shukrani

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa kawaida mvua hiyo haifiki milimita 600. Ndiyo maana tambiko la kuomba mvua linajulikana na kila mtu, ilhali la kushukuru husahaulika mara ghala likijaa. Makala haya ni ya anayetaka kutoa shukrani kwa desturi za Ugogo au Urangi, hasa aliyerudi kutoka mjini na hajui aanzie wapi.

Anzia kwa wazee, usianzie mnada wa mifugo wa Msalato. Wengi hufika na mbuzi kambani kabla ya kuuliza ni nani mwenye haki ya kutambika. Kwa Wagogo wa jadi, Mulungu yuko mbali na hufikiwa kupitia mababu. Shukrani ya nyumba moja, kwa mfano mgonjwa kupona, hupelekwa kwenye kaburi la mzee wa nyumba hiyo, na mkubwa wa ukoo ndiye anayenena. Shukrani ya nchi, kama mvua njema, inamhusu mtemi wa eneo, ambaye kazi yake ya kale ilikuwa zaidi kulinda ardhi na mawe ya kuombea mvua kuliko kuamrisha watu. Ukimruka huyo, hata ng'ombe mnono atakuwa kitoweo tu.

Kisha tazama ulichopewa. Kwa maoni yangu, mavuno yashukuriwe kwa mavuno: uwele au mtama wa shamba lako, unga wake au pombe yake. Kibuyu cha pombe ya nafaka uliyoilima mwenyewe kinasema mengi kuliko beberu wa kununua kwa mkopo. Ila pombe haipikwi kwa siku moja. Nafaka ilowekwe, iote, ikaushwe, isagwe, ndipo ipikwe na kuachwa ichachuke. Waambie akina mama wapishi mapema. Na kwa kuwa Warangi wengi ni Waislamu, na Wakristo wasiokunywa wapo kila kijiji, muulize mzee kama togwa itafaa.

Mnyama akihitajika, uliza rangi. Katika kuomba mvua, Wagogo hutafuta mnyama mweusi, kwa kuwa wingu la mvua ni jeusi. Usidhani kwamba kanuni ya kuomba ndiyo ya kushukuru. Mwenye tambiko ndiye atakayekuambia. Achaguliwe mnyama mzima asiye na kilema, na nyama iliwe na waliohudhuria. Kualika majirani ni sehemu ya gharama, kwa hiyo ihesabu.

Jambo linaloleta mvutano zaidi ni mahali. Mungomi wa Kolo, huko Kondoa, ni pango la michoro ya miambani, na pia ni mahali ambapo wenyeji huja kutambika hadi leo. Mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kule, mazoea ya kurushia pombe ukutani yamewagonganisha watambikaji na wahifadhi, kwani kimiminika huondoa rangi iliyodumu karne nyingi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda michoro hiyo, na Katiba, ibara ya 19, inalinda uhuru wako wa kuabudu. Vyote viwili vinawezekana: pombe imiminwe chini, mbali na mwamba wenye michoro, moto usiwashwe chini ya michoro, chupa na mifuko ya plastiki urudi nayo.

Ofisi ya mambo ya kale iko kijijini Kolo, kwenye barabara ya Kondoa kwenda Babati. Pita hapo pamoja na mzee wako kabla ya kupanda mlima.