Mguu wa Mzee na Ubongo Wake

Mwenzangu msomaji, huko nyumbani tumezoea kusema, "Babu, keti tu, sisi tutaenda dukani." Twadhani ndiyo heshima! Kumbe huenda twamnyima dawa.

Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi, ambayo hutusaidia kuweka kumbukumbu mpya. Uzeeni sehemu hiyo husinyaa pole pole. Mwaka wa 2011 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti juu ya watu 120, wenye umri wa miaka 55 hadi 80, ambao hawakuwa na mazoea ya kufanya mazoezi. Nusu yao walitembea mara tatu kwa juma. Walianza na dakika 10, wakawa wanaongeza tano kila juma hadi zikatimia 40. Wale wengine walinyoosha viungo tu. Mwaka ulipokwisha, hipokampasi za watembeaji zilikuwa zimekua kwa asilimia 2 hivi. Za wenzao zilipungua.

Lakini tusitie chumvi. Katika majaribio ya kumbukumbu, makundi yote mawili yaliendelea vyema kuliko mwanzoni. Ila kati ya watembeaji, waliokua zaidi sehemu hiyo ndio walioelekea kukumbuka zaidi.

Basi mwache babu aende dukani, nawe umsindikize. Kama ana ugonjwa wa moyo, daktari aulizwe kwanza. Mwendo uwe wa kumfanya aheme kidogo, lakini bado aweze kukuuliza umekuwa wa ngapi darasani.